Waya wa Kengele Nilioung'oa

Doki mwanangu,

Sauti inayokaa nami kuliko zote ni ndogo sana: tii, kisha kimya cha pumzi kama kumi, kisha tii tena. Ilitoka kwenye onduleur ya hospitali, lile sanduku zito la betri lililo chini ya meza yangu, linaloshikilia mashine umeme unapokatika. Uliisikia wewe pia. Siku nilizokosa mtu wa kukuachia, ulilala juu ya koti langu chini ya meza ile, miguu yako ikigusa sanduku, na ulikuwa ukilijibu. Tii, linasema, tii, unasema. Niliishi na sauti hiyo miaka sita. Kisha nikainyamazisha kwa mkono wangu mwenyewe, na tangu siku hiyo naisikia zaidi.

Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya na umeniahidi kurudi kabla ya giza. Ninaandika kwenye meza ya kulia, dirisha likiwa wazi. Kesho alfajiri shangazi yako Masika, ambaye usiku huu analala hapa mjini, atakupitisha mpaka wa Kasumbalesa, na jioni mtakuwa nyumbani kwake Ndola. Mambo ya sare, ya viatu, ya vidonge vya malaria, muulize yeye. Dada wa baba yako amelea watoto wanne na wote wanamheshimu. Mimi ninaye mmoja tu, na sina hakika.

Jana nilikuona ukiitoa picha ya baba yako kwenye valizi yako ya safari. Nilikuwa nimeiweka kati ya mashuka. Uliiweka juu ya kabati kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe, ukaendelea kukunja nguo. Ndiyo maana ninaandika. Kama nisingeiona picha ile juu ya kabati, labda ningekuacha uende ukiamini ulichoamini mwaka mzima, na ningejidanganya kwamba ninafanya hivyo kwa faida yako.

Nina jambo moja la kukuambia na ninalizunguka. Nivumilie nianzie kazini.

Umeniuliza mara nyingi ninafanya nini hasa kule hospitali, nami nikakujibu kwa kifupi: ninatunza mashine. Ndani ya mashine kuna programu nyingi zinazofanya kazi pamoja bila kuonana. Moja inaandika majina ya wagonjwa, nyingine inatunza orodha ya watu wanaotoa damu, nyingine inapeleka karatasi kwenye printa. Juu yao ipo moja inayozaliwa kabla ya zote mashine inapowashwa, na namba yake ni moja. Nyingine zote ni watoto na wajukuu wake. Hata programu ikifiwa na mzazi wake, mara nyingi ni namba moja anayeichukua na kuilea. Kwa kuwa haziwezi kuitana kwa sauti, mfumo umezipa ishara, na kila ishara ina namba.

Umeme ukikatika, sanduku la betri linapeleka habari kwa kebo. Programu ndogo ya ulinzi inaipokea na kumpa namba moja ishara ya umeme, ambayo kwenye mashine yetu ni ya thelathini. Ishara hiyo haina maana kwamba tumekufa. Maana yake ni kwamba sasa tunaishi kwa betri, na betri ina mwisho. Hapo namba moja anawapelekea watoto wake wote ishara ya kumi na tano: malizeni, andikeni mlichoshika mkononi, fungeni madaftari, tokeni. Ni ishara ya adabu. Programu inaweza kuipokea, ikamaliza mstari wake na kuaga vizuri. Inaweza pia kuipuuza, na kwa ajili ya hizo zinazopuuza ipo ishara ya tisa. Ya tisa haipokelewi wala haipuuzwi. Programu haiambiwi kitu. Inakoma tu katikati ya neno.

Nilijifunza haya nikiwa na miaka ishirini, nikiingia darasani na wewe mgongoni. Wanafunzi wenzangu waliona ni mambo makavu. Mimi niliona kuna mtu mahali fulani, nisiyemjua, aliyekaa akawaza kwamba hata kinachokufa kipewe dakika chache za kupanga vitu vyake. Nilimpenda mtu huyo. Halafu nikaajiriwa, na huku kwetu umeme, courant kama tunavyouita, unakatika mara tano kwa siku.

Kila mara mashine ilifanya ilivyofundishwa. Ilipata ishara, ikafunga kila kitu, ikalala. Dakika tatu baadaye umeme unarudi, nami naiwasha, na watu wote wanasubiri dakika ishirini mpaka isimame. Wauguzi walinuna. Papa Ilunga wa laboratoire, ile maabara ya damu, yule mnene aliyekuwa akikupa peremende, alikuja kusimama mlangoni kwangu huku mikono iko kiunoni.

"Madame Informatique, ile mashine yako inaogopa giza kama mutoto."

"Haiogope, Papa Ilunga. Inafuata sheria."

"Sheria ya Bazungu! Kwabo courant ikienda, imeenda. Huku kwetu inarudiaka tu. Uifundishe Kiswahili!"

Korido nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka, na kicheko chao kiliniingia. Sikutaka kuwa msomi anayechelewesha kazi za watu kwa sababu ya kitabu. Jumamosi moja, ofisi ikiwa tupu, nilifanya mambo mawili. Nilibadilisha mstari mmoja tu katika maagizo ya mashine: ishara ya thelathini ikifika, usifanye kitu, ngoja. Kisha nilifungua onduleur kwa bisibisi na kuung'oa waya wa kengele yake, kwa sababu sikutaka kuendelea kusikia onyo ambalo nimekwisha kuamua kutolifuata.

Baba yangu, ambaye hukumjua, alikuwa fundi wa pampu mgodini Kipushi. Zilipokuwa zikivuma alilala kama jiwe. Zilipokaa kimya, hata kwa muda wa kukohoa, alikuwa ameshasimama anatafuta viatu. "Maji iko napanda," alimwambia mama, "leta taa." Nililelewa na mtu aliyeogopa kimya, nami nikakitengeneza kimya changu kwa bisibisi na nikapongezwa kwa hilo. Papa Ilunga alisema mashine sasa imekuwa mutoto wa Lubumbashi. Walininunulia Fanta.

Ilikwenda hivyo miezi saba bila tatizo, na miezi saba inatosha kumfanya mtu ajione ana akili kuliko aliyeandika kitabu.

Halafu ikaja ile Jumanne. Umeme ulikatika saa nne asubuhi, nikiwa kwenye kantini, ukuta mmoja na ofisi yangu, nakula mikate na chai. Sikusikia kitu, hapakuwa na kitu cha kusikia. Mashine ilipewa ishara yake na ikangoja, kama nilivyoiagiza. Betri ilikwisha. Programu ya damu ilikuwa katikati ya kuandika, na haikuambiwa. Umeme uliporudi jioni mashine iliamka, lakini orodha ya watoaji damu ilikuwa imechanika kama daftari lililolowa, majina yasiyo na makundi na makundi yasiyo na majina. Katika chumba cha uzazi palikuwa na mwanamke aliyetokwa damu nyingi. Papa Ilunga alirudi kwenye makaratasi ya mwaka juzi, akapiga simu kwa watu waliohama, akaanza kupima ndugu wa mgonjwa mmoja mmoja pale koridoni. Alinipita mara mbili bila kunitazama. Mara ya tatu alisema, "Basi, haiogope tena," akaenda zake.

Yule mwanamke alipona. Ningependa kukuandikia kwamba nililia kwa furaha. Nilichohisi ni kwamba nimeponyoka. Kwenye ripoti niliandika kwamba betri ilikuwa imezeeka. Walinunua betri mpya, mkurugenzi akanishukuru kwa ripoti iliyoandikwa vizuri, na mimi sikugusa ule mstari wala ule waya. Niligundua tu kwamba unaweza kufanya kosa kubwa na siku inayofuata ukaamka, ukaoga, ukaenda kazini.

Hii ilikuwa siku tano kabla ya ujumbe wa baba yako.

Unakumbuka alikuwa Goma. Alikuwa amekwenda kufunga depo yake ya huko, ile ya vitenge na sabuni, na kurudisha mizigo ambayo watu walikuwa wameiweka kwake. Vita vilikuwa vimesogea, lakini vilikuwa vimesogea pia miaka iliyopita, kisha vikarudi nyuma. Ninakuandikia maneno yake kama alivyoyasema kwenye ujumbe wa sauti, kwa sababu nayajua kwa moyo:

"Mama Doki, huku courant ilikatika tangu jana, na bank zilifunga. Batu banatoroka. Jirani yangu iko na nafasi moja ndani ya gari, banaenda Butembo saa hii. Mufuko yangu nilishaka kuitia ndani. Niende, ao nimalize depo? Unijibu mbio."

Nyuma yake inasikika injini, na mtu anayemwita kwa jina lake, Kambere, Kambere.

Mimi nilikuwa hapa kwenye meza hii nachagua mchele. Ninataka ujue kwamba sikuwa nimechanganyikiwa, sikuwa mgonjwa, sikuwa nimekasirika naye. Nilikuwa na sauti ya mtu anayejua mambo. Nilibonyeza na nikasema hivi:

"Eh, na weye! Kila mwaka beko nasema bilebile. Ngoya kwanza. Maliza depo, urudishie bantu bitu byabo, utakuya na heshima yako. Courant inarudiaka tu."

Aliisikiliza. Najua kwa sababu alijibu, na jibu lake ni la mwisho tulilonalo: "Sawa, Mama Doki. Niko nangoya."

Yule jirani alifika Butembo na alimsimulia shangazi yako. Alisema kwamba Kambere alisikiliza simu, akafikiri kidogo, akafungua mlango wa gari na kuutoa mfuko wake. Alisema hakuelewa kwa nini. Shangazi yako naye hakuelewa, na aliponiuliza, nilisema: "Unamujua kaka yako na mizigo ya bantu." Hivyo ndivyo nilivyosema. Nilitumia heshima yake kujifichia.

Ujumbe wangu wote uliofuata ulibaki na alama moja ya kijivu, na mpaka leo ni hivyo. Sijui alipewa muda wa kupanga vitu vyake au hakuambiwa kitu. Nimeliwaza hilo kila siku, na mara nyingi wakati ninakuuliza kama umemaliza masomo yako.

Sasa nikueleze kuhusu nyumba yetu, ambayo uliichoka kabla yangu. Kuna njia nyingine ambayo mashine inaweza kuifuata umeme unapokwisha. Badala ya kufunga programu, inazigandisha zote kama zilivyo, inaandika kumbukumbu yake nzima kwenye diski, na kuzima. Kwa Kifaransa ni veille prolongée. Mimi naita usingizi mrefu. Ukiiwasha baada ya siku au mwezi, inaisoma ile kumbukumbu na kuendelea palepale, dirisha lilelile, neno lilelile nusu. Programu hazijui kwamba zililala. Wale zilizokuwa zikizungumza nao kwenye mashine nyingine wamekwisha kukata tamaa na kufunga mlango, lakini zenyewe zinaendelea kusema.

Niliilaza nyumba yetu hivyo. Mashati ya baba yako nilikuwa nikiyafua kila mwezi, ingawa hakuna aliyeyavaa. Sahani yake ilikaa mahali pake. Namba yake niliitunza isifungwe. Nilikukataza kukata nywele kwa sababu alikuacha na nywele ndefu, na siku ulipotimiza miaka kumi na nne nilikununulia gauni la kipimo cha mwaka uliopita, bila kufikiri. Liligoma mabegani. Ulisimama mbele ya kioo na kusema, "Mama, hii nyumba imekuwa musée. Tulipishe bantu tiketi." Kwa neno hilo la makumbusho nilikupiga kofi. Sijawahi kukuomba radhi kwa kofi lile, nakuomba sasa.

Usingizi mrefu una onyo moja ambalo nililijifunza kwa hasara. Nilipokuwa chuoni, mashine ya mwenzangu ilikuwa imelala hivyo. Nikachukua diski yake, nikaitia kwenye mashine nyingine, nikaandika humo kazi yangu ya mwisho wa mwaka, nikairudisha. Alipoiamsha, mashine ilifuata kumbukumbu yake ya zamani. Haikujua kwamba diski imebadilika. Ikaandika mambo yake juu ya yangu, yangu yakavuruga yake, na asubuhi hatukuwa na kazi yake wala kazi yangu. Yule rafiki hakusema nami mpaka tulipomaliza masomo. Nilijua jambo hili kabisa, Doki, na bado mwaka mzima nilikuwa nikiiandika kumbukumbu yangu ya zamani juu ya msichana aliyekuwa akikua mbele ya macho yangu.

Na wewe ulikuwa ukikua na hasira. Unakumbuka Jumapili ile, baada ya ibada, tukila bukari, ugali wetu, na mboga ya lengalenga? Nilikuwa nimeweka sahani yake kama kawaida. Uliisukuma kwa kidole mpaka ukingoni mwa meza. "Papa alichagua magunia," ulisema. "Nafasi ilikuwa, akaikataa. Abakie na magunia yake." Nilikuwa na mwiko mkononi. Nilikuongezea mboga.

Nimefanya mabaya mengine maishani, lakini ukitaka kujua lile ninalolichukia zaidi, ni kule kukuongezea mboga. Waya niliung'oa kwa kiburi, na ujumbe niliutuma kwa ujinga. Lakini siku ile nilijua. Nilikutazama ukimchukia mtu aliyenitii, na nikaona kwamba ukimchukia yeye hutanichukia mimi, nikakuacha uendelee.

Kuhusu safari ya kesho, umeniuliza kwa nini, na nimekujibu vibaya. Wiki tatu zilizopita ulirudi shuleni na mfuko wa vitabu ukinuka maji ya mtaro, ukasema umeuangusha. Sikuuliza. Kesho yake kulikuwa na alama ya chokaa kwenye lango letu, juu, karibu na bawaba. Mama Chantal, jirani yetu, alinikuta nikiifuta kwa kitambaa.

"Mama Doki, ile chokaa umeiona?"

"Ni batoto banacheza."

"Batoto? Kule juu? Batoto gani bale, twiga?" Hakucheka. "Sikia. Miye niko mutu wa hapa, na weye uko mutu wa hapa. Na miye ninasikiaka bile beko nasema ku kabare, kule banakunywa pombe. Ku weye habana shida. Ni jina ya mutoto, ile jina ya baba yake ya Est, kule vita inatoka. Mutoshe hapa, mama, aende. Mutoshe mbio."

Nilifungua mdomo kumjibu, na nikalisikia jibu kabla halijatoka: hayo yanapitaka tu. Ile sauti yangu ya kujua mambo. Nililiacha, nikamshukuru. Siku hiyohiyo nilimpigia shangazi yako. Kabla ya hapo nilipitia hospitali, nikafungua onduleur, nikaurudisha waya mahali pake, na nikaufuta ule mstari. Papa Ilunga alisikia mlio, akachungulia. "Imeanza tena kulia?" Nikamwambia ndiyo. Nilimwambia pia kwamba betri haikuwa na kosa. Alikaa kwenye kiti cha wageni. Aliposimama alisema, "Kosa ni yangu, madame. Miye njo nilikuchekesha," akatoka. Hilo ndilo jambo la huruma kuliko yote niliyoambiwa mwaka huu, na halikuwa kweli.

Ulipojua safari imepangwa uliniuliza: "Na weye? Juu ya nini miye njo ninaenda, na weye unabakia?" Nilisema ni kazi. Kisha nikasema ni namba ya baba yako, lazima awepo mtu wa kuipokea. Yote mawili yana ukweli ndani, na yote mawili ni kifuniko. Shangazi yako alinipa nafasi tangu mwanzo. Chumba kipo, alisema, mutakaa bote wawili. Nilikataa kwa sababu nisingeweza kula kila siku kwenye meza ya Masika, nikimsikia akimlaumu kaka yake kwa mapenzi, huku nikiwa na ujumbe ule kwenye simu yangu.

Sikupi mashauri mengi. Wewe una akili ya haraka kama mimi, na akili ya haraka ina ugonjwa wake: inachoka kuonywa. Kitu kikilia mara mia bila madhara, utaanza kuwacheka wanaokisikiliza. Utakuwa na maneno mazuri ya kuwacheka. Utakapojisikia una maneno mazuri sana, nyamaza kidogo umfikirie baba yako mlangoni mwa gari.

Nikikupigia na kukuambia ungoje, kwa jambo lolote, usinisikilize kwa sababu tu mimi ni mama yako. Tazama mwenyewe kuna nini nje.

Ukirudi siku moja, usiitafute nyumba hii kama ulivyoiacha. Mashati nimempa Mama Chantal awapelekee watu wa parokia. Sahani imo kabatini pamoja na nyingine. Nywele zako ni zako, zikate. Picha bado iko juu ya kabati, sikuigusa; utaamua wewe, na una haki ya kuamua ukijua.

Sikuombi unisamehe. Ninaomba jambo dogo zaidi, kwamba hasira uliyompa yeye uiondoe kwake. Ukitaka kuileta kwangu, ilete. Mimi nipo, nina anwani.

Kuna jambo nililiogopa tangu asubuhi: kwamba Masika akijua, atafunga mlango, na wewe utabaki hapa chini ya chokaa kwa sababu ya ukweli wangu. Nilijiambia nimwambie baadaye, ukishafika Ndola, ukishaanza shule, ukishazoea. Nikaisikia tena ile sauti yangu.

Basi leo saa nane mchana nilimtumia Masika jumbe zote mbili, ya baba yako na yangu, bila maelezo. Nimeziweka pia kwenye simu yako, chini ya jina la baba yako. Kwa Masika zilibaki dakika kadhaa na alama mbili za kijivu, zimefika lakini hazijafunguliwa. Bado ningeweza kuzifuta kwangu na kwake. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nikaweka simu juu ya meza, nikaenda kuosha vyombo, na niliporudi alama zilikuwa za buluu. Nilisikia kila gari lililopita barabarani. Saa kumi akajibu, sauti ya sekunde nne, sauti ya mtu aliyekuwa akilia na amenawa uso:

"Nimesikia. Kesho saa kumi na moja niko ku lango. Mutoto avae koti."